Mfereji Uliosafishwa na Baridi

Asubuhi moja ya baridi, huko Riyadh, niliinama juu ya mfereji wa bosi wangu nikaona chini yake. Mchanga niliuona, na juu ya mchanga kijiko cha chai kimelala, sijui kilianguka lini wala kilikuwa cha nani. Miezi yote niliyokuwa nikiufagia mfereji ule, sikupata kuona chini hata siku moja. Nikatia mkono, ubaridi ukanipanda mpaka kwapani. Maji yalikuwa kama hayapo. Ukungu mwembamba ulikuwa ukitambaa juu yake, na mitende imesimama ndani ya ukungu ule haina miguu. Nikasema peke yangu, Alhamdulillahi, dawa imeshika.

Dawa yenyewe ilikuwa shabu. Nimeanza mambo mbele, basi nirudi nyuma kidogo.

Mie kusoma sikusoma sana. Chuoni nilifika juzuu Amma, skuli nilifika darasa la pili nikatoka kwa sababu ya jipu la mguu, na jipu lilipopona hakuna aliyenikumbusha kurudi. Lakini kwa bibi yangu, Ng'ambo, nilijifunza mambo ya maji. Bibi alikuwa na mtungi mlangoni, na mvua za masika zikija maji ya kisima yanakuwa rangi ya chai ya maziwa. Basi bibi huchukua jiwe lake la shabu, lile jeupe linalong'aa kama sukari guru iliyooshwa, akalizungusha mtungini mara tatu, akisoma anayoyasoma. Asubuhi tope limekaa chini, maji juu yametulia, unaona uso wako. Watu wa pwani wote wanalijua hilo. Mie nilikuwa nikidhani maji husafika kwa sababu yanamwogopa bibi, na kwa kweli hata paka wetu alikuwa akimwogopa.

Baada ya mapinduzi tulitawanyika kama mbaazi zilizomwagika sakafuni. Mie nikaishia Jidda, nikibeba mizigo ya watu gatini na sokoni. Nikaoa huko huko. Mke wangu alikuja Hija pamoja na shangazi yake; Hija ikaisha, mahujaji wakaenda zao, wao wawili wakabaki. Jidda ilikuwa hivyo. Mtu wa pwani unaweza kuyeyuka ndani ya Jidda kama chumvi, unapika wali wako wa nazi, unashona kofia zako, na mwaka unapita hujaulizwa karatasi. Lakini ikama, yaani kijitabu cha ruhusa ya kukaa, hakuwa nayo mke wangu, na bila ikama huwezi kutoka mjini, maana barabara ya kwenda Riyadh ina askari, na askari anataka kuona kijitabu.

Ndipo ikaja ile miaka ya mafuta. Sijui niieleze vipi. Ilikuwa kama ndoto za homa, ukifumba macho kitu hakipo, ukifumbua kipo. Riyadh watu walikuwa wakiitwa kama wanaoitwa harusini. Nikapanda. Kwanza nililala Manfuha, kwenye nyumba za udongo, tumejipanga chumbani kama dagaa. Nilikuwa nikipelekwa Olaya kubeba saruji. Asubuhi unapita pahala ni vumbi tupu, siku ya pili kuna nguzo, siku ya tatu kuna mtu juu ya nguzo anaimba. Mgongo ukanishinda. Nikapata kazi ya shamba, kusini ya Manfuha, bondeni, na bosi wa shamba lile ndiye aliyekuwa kafili wangu, yaani mwenye kunishikia ikama yangu.

Alikuwa mtu mzima, ndevu kazipaka hina, magoti mabovu. Nilimwita baba, na yeye aliniita mtu wa pwani. Shamba lake lilikuwa la mitende na majani ya kulishia ng'ombe, na maji yake yalitoka bondeni. Mji ulivyokuwa ukinywa zaidi ndivyo ulivyokuwa ukimwaga zaidi, na yaliyomwagwa yakisafishwa juu huko, kisha yanateremka bondeni mwaka mzima kama mto. Kutawadhia hatukutawadhia, lakini mitende haikuwa na wasiwasi. Kila shamba lilikuwa na mfereji wake unaochepuka kutoka kwenye mto ule. Yalikuwako mashamba matano yamefuatana, na kila Ijumaa baada ya sala wenyewe walitembeleana, wanatandika mazulia kando ya mfereji, wanakunywa kahawa na kula tende.

Sasa bosi wangu alikuwa akiona haya. Mfereji wake wakati wa joto ulikuwa wa kijani kibichi, mzito, una utando juu kama uji uliopoa. Kazi yangu ilikuwa kuufagia. Nafagia leo, kesho umerudi. Kulikuwa na visamaki vidogo, mikia yao inavuruga tope kutwa, na mbuzi wanaingia, na watoto wa majirani wanaogelea. Bosi anakaa na wageni wake anatazama pembeni, kama mtu ambaye mwanawe amekuja barazani bila nguo.

Siku ile upepo wa kwanza wa baridi ulipovuma nilikuwa sokoni, nikaona shabu kwa muuza viungo, ile ile ambayo vinyozi humpaka mtu kidevuni wakimkata. Sikumuuliza mtu. Nikanunua kipande cha ukubwa wa ngumi, nikakifunga kitambaa na kamba, nikakikokota mferejini kutoka juu mpaka chini mara tatu, nikisoma Kulhuwallahu. Nilijiona kama bibi. Baridi nayo ikaingia, ile baridi ya Riyadh isiyo na mzaha. Kipupwe cha kwetu ni cha kujifunika shuka. Hii inakukamata masikio inakuuliza umetoka wapi. Siku zikapita, kama kumi hivi, na ndiyo ile asubuhi ya kijiko.

Bosi alikuja kajifunika joho zito, akasimama. Akatazama majini muda mrefu.

"Umefanya nini?" akaniuliza.

"Dawa ya kwetu, baba."

"Dawa gani?"

"Ya bibi yangu."

Akacheka, meno yote nje. Ijumaa ile akawakalisha wageni karibu kabisa na maji, akawa anawaonesha mchanga wa chini kama anawaonesha vito. Akaniita mbele yao: "Huyu hapa! Hakimu wa maji!" Hakimu kwao ni tabibu, na wakimwita husema ya hakimu. Majirani watatu wakataka dawa. Nikawanunulia shabu na wao, nikawakokotea mifereji yao, kila mmoja Kulhuwallahu tatu. Ya kwao nayo ikawa inaonekana mpaka chini. Nitasema kweli, nilivimba. Nilianza kutembea polepole, kama watembeavyo watu wenye elimu.

Bosi akaniambia, "Ya hakimu, omba unachotaka."

Sikuomba nguo wala nini. Nilimwambia nina mke Jidda, hana ikama, miaka miwili nimeonana naye mara nne, namtaka hapa. Nikamwomba amwandikishe chini yangu, kwa dhamana yake.

"Hilo dogo," akasema. "Nitakwenda mwenyewe jawazati." Hiyo ndiyo ofisi ya karatasi za wageni. "Lakini si sasa. Sasa magoti yananiuma kwa baridi, siwezi kusimama kwenye foleni. Baridi ikisha tu, twende. Nenda Jidda ukachukue pasi yake ya kusafiria."

Nililala siku ile nikiona nyumba. Ile stoo ya majembe kwenye pembe ya shamba nimeshaitia pazia, nimeshaitia jiko, mke wangu ameshakaa mlangoni anachambua mchele. Mpaka leo nikisikia harufu ya majani yaliyokatwa kwenye baridi naliona lile pazia, na pazia lenyewe halikuwapo.

Kabla ya safari nikapita shamba la juu, la tano, ambalo mwenyewe alikuwa bahili hakutaka dawa yangu. Mfanyakazi wa pale alikuwa mzee wa Kimisri, mkulima mtoto wa mkulima, miguu yake mipana kama majembe. Alikuwa anakunywa chai nyeusi kando ya mfereji. Nikamsalimu, nikatazama majini. Mfereji wake ulikuwa safi kuliko wetu. Kokoto za chini unaweza kuzihesabu.

"Nani kakutilia shabu?" nikamuuliza.

"Ya hakimu," akasema, na akaanza kutikisika kwa kicheko, chai inamwagika. "Kaa. Kaa chini, ya hakimu wa mawe. Kwetu mifereji ni mingi kuliko barabara. Kila baridi ikija maji husafika, na sijapata kuona mtu anaisomea mifereji yote ya Misri."

"Sasa yanasafika vipi?"

"Ule ukijani ni mmea, mdogo huuoni mmoja mmoja. Unataka jua na joto. Jua likiwa fupi na maji yakiwa baridi, unalala, mwingine unakufa, unazama. Samaki wako wako wapi?"

Nikatazama. Kweli, sikuwaona.

"Wamejilaza chini hawana hamu ya kitu. Asiyecheza havurugi tope. Mbuzi wanaingia majini saa hizi? Watoto wanaogelea? Na mitende sasa hainywi sana, mlango wa maji mnaufungua mara ngapi?"

"Mara moja kwa wiki."

"Basi maji yamekaa. Yaliyokaa hutua. Maji ni kama nyumba yenye watoto, bwana, wakilala tu inakuwa safi." Akanimiminia chai. "Shabu yako hufaa mtungini. Mfereji huu ni mrefu, kipande cha ngumi kitafanya nini? Umeitia chumvi bahari."

"Na joto likirudi?"

"Joto likirudi," akasema, na sasa hakucheka, "yatarudi vile vile. Ulimwahidi nani?"

Safari ya Jidda ilikuwa ya kutwa nzima, na mie nilikuwa kwenye kiti cha dirishani. Jangwa la baridi lina rangi ya mkate. Nilihesabu hivi: bosi anasubiri joto ili magoti yake yapone aende jawazati, na joto lile lile ndilo litakaloufanya mfereji uwe kijani. Vitu viwili vinakuja kwa gari moja. Kikitangulia kushuka cha jawazati, mke wangu ameingia Riyadh. Kikitangulia cha mfereji, mie ni mwongo, na nani atamdhamini mke wa mwongo? Nikaomba magoti yapone upesi. Kisha nikasinzia, nikaota niko chini ya mfereji nimelala pale pale kwenye mchanga, na watu wananitazama kutoka juu wakinywa kahawa.

Jidda nilikuta joto, nikavua makoti yote. Mke wangu alikuwa kibarazani anashona kofia, shangazi yake anakuna nazi. Nikawaeleza kwa furaha kwanza, halafu, sijui kwa nini, nikawaeleza na la mzee wa Kimisri. Mbele ya mke wangu ulimi wangu haukuwa na kufuli.

Akaweka kofia chini. "Kwa hiyo mie nitaletwa Riyadh kwa jiwe la kinyozi?"

"Si jiwe, ni karatasi, karatasi halali kabisa..."

"Umemwambia ni dawa."

"Nilidhani ni dawa!"

"Ulidhani. Sasa unajua." Akaninyooshea sindano. "Uongo mwingine watu huuficha, wewe wako umeutia kwenye maji yanayoonekana mpaka chini!"

Shangazi yake akaacha kukuna. "Mwanangu, usiwe mkaidi. Watu wamekuja mjini humu kwa uongo mkubwa kuliko huo, na leo wana wajukuu. Mpe mumeo pasi."

"Shangazi, mie mwaka wa sita huu nikisikia kiatu cha askari nje najificha nyuma ya kabati. Niende nikajifiche tena nyuma ya mfereji? Kila maji yakibadilika rangi nifunge mizigo?"

Shangazi akanitazama mie. "Una mke mgumu."

"Najua, shangazi."

Pasi alinipa asubuhi ya kuondoka, imefungwa kwenye leso. Akasema, "Usimpe mpaka umwambie. Mwambie kabla joto halijamwambia." Halafu akanitengeneza kola ya shati, kitu ambacho hakuwa akikifanya mbele ya shangazi yake, akaingia ndani.

Nilimkuta bosi kando ya mfereji, amekaa juani, joho mabegani. Nikalikaribia zulia lake nikakaa chini kabisa, kwenye udongo. Nikamwambia yote. Kiarabu changu kilikuwa cha gatini, cha kubebea mizigo, sikuwa na maneno mazuri ya kupambia. Baridi imesafisha, baba. Shabu mafi kazi, haikufanya kitu. Joto litachafua.

Alikuwa na fimbo, akawa anaipitisha juu ya maji polepole, inaandika na kufutika, inaandika na kufutika. Ndege mmoja mwenye mkia mrefu alikuja akanywa, akaondoka. Nilidhani amesinzia.

"Majirani watatu," akasema mwisho. "Kwenye zulia langu. Kahawa yangu. Nimewaambia nina hakimu."

"Ndiyo, baba."

"Na yule bahili wa juu?"

"Maji yake ni safi kuliko yetu."

Hilo ndilo lililomuuma. Akafunga macho. "Joto likija watakuja hapa mlangoni. Mimi sitatoka. Utatoka wewe, utamwambia mmoja mmoja kwa ulimi wako. Halas, yamekwisha."

La mke wangu sikuthubutu kulitaja, na yeye hakulitaja. Pasi nikaitia kwenye sanduku la bati, ndani ya leso ile ile. Ijumaa zikapita. Alikuwa haaliki wageni tena, anasema magoti. Mie naufagia mfereji ambao hauna cha kufagiwa. Maji yalikuwa mazuri, nakuambieni. Nimewahi kuona bahari ya kwetu na sijaona maji ya namna ile, yamesimama kama kioo cha saa, jani likianguka kivuli chake kinashuka kulipokea. Na kila siku niliyatazama nikitafuta pa kuanzia ule ukijani, kama mama anavyomtazama mtoto usoni siku za surua.

Ukaanzia kwenye kona, chini ya mlango wa maji. Uzi mmoja tu. Kisha ukaja upepo wa vumbi siku mbili, mbingu nyekundu, na vumbi lilipotua jua lilikuwa jingine, lina meno. Visamaki vikaamka. Wiki haikwisha, kijiko kingeanguka kisingeonekana tena.

Wakaja. Wa kwanza alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango. "Ya hakimu! Maji yangu yana homa, njoo uyapime!" Nikamwambia: baridi ndiyo iliyosafisha, mie sikujua, nisamehe. Akasema amenisamehe lakini atawasimulia wajukuu. Wa pili alikuja na shabu yake mkononi, akanitupia, ikanipiga begani. "Chukua, ukanyolee ndevu zako!" Nikamwomba radhi yeye naye. Wa tatu alikuwa mpole, na mpole ndiye aliyeniumiza. Aliuliza tu, "Na ile sura uliyoisoma? Ile nayo hukuijua?" Nikamwambia ile naijua. Akasema, "Basi siku nyingine isome kwa jambo lake." Akaenda zake.

Nikageuka, na bosi yuko nyuma yangu, ndani ya kivuli cha mlango. Sijui alisimama pale tangu lini. Amevaa nguo za kutokea, funguo za gari ziko mkononi.

"Pasi ya mkeo iko wapi?"

"Sandukuni, baba."

"Nenda kailete. Yalla, kabla foleni haijawa ndefu."

Nikabaki nazitazama zile funguo.

"Unatazama nini? Hakimu sina tena, nina mtu wa mfereji. Mtu wa mfereji akikaa peke yake atatafuta kitu kingine cha kutia majini. Mlete mkeo akuchunge."

Karatasi zilichukua muda wake, karatasi hazijui haraka. Mke wangu alifika katikati ya joto lenyewe, asubuhi, na basi la Jidda, na askari wa njiani alikuwa amesoma kijitabu chake akamrudishia bila kusema neno. Hilo ndilo alilonihadithia kwanza, kabla hata ya salamu: "Hakusema neno! Kakisoma, kanipa!" Alikuwa akicheka na machozi yanamtoka.

Nikampitisha mferejini. Ulikuwa kijani cha kutisha, una mapovu pembeni, na mbuzi wawili wamesimama ndani.

"Ndiyo haya?" akasema.

"Ndiyo haya."

"Laa haula."

Akavua makubadhi, akakaa ukingoni, akatia miguu. Nikakaa karibu yake nikatia yangu. Maji yalikuwa ya vuguvugu. Hatukuiona miguu yetu, wala yake wala yangu. Lakini muda kidogo nikahisi mguu wake umekuja ukakaa juu ya wangu, huko chini, ndani ya kijani kile, na hakuuondoa.